Usingizi wa Mwokaji Hamira

Shemeji yangu alioka mikate miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akipiga miayo mbele ya tanuri. Wenzake walimpa jina la Hamira angali kijana, kwa sababu akiingia chumbani kila kitu kiliinuka: watu, sauti, vicheko. Alipokuja kumposa dada yangu mdogo alikuwa nalo tayari, na mama yetu alilitumia mpaka anaingia kaburini, akidhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Alifanya zamu ya usiku. Enzi hizo mkate uliokwa usiku wote ili asubuhi mtu aupate na joto lake, na ukiukata maganda yake yalilia chini ya kisu. Hamira alitoka nyumbani saa tatu usiku, akarudi saa moja asubuhi na unga kwenye nyusi, akanywa chai, akalala usingizi wa pono mpaka saa tisa alasiri. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa mtaa ule walikuwa wa reli, wa bandari, wa hospitali, wa mikate. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa usiku.

Mwezi wa tatu mwaka jana kiwanda kiliuzwa. Wenye mali wapya walibomoa matanuri ya matofali, wakaleta tanuri la chuma lenye urefu wa basi na ubao wa vitufe. Mkate sasa unakatwa vipande, unavalishwa plastiki na kukaa rafuni siku kumi bila kuota ukungu. Mkate wa aina hiyo hauna haraka na mtu, kwa hiyo hauna sababu ya kuokwa usiku. Zamu ya usiku ilifutwa kwa tangazo la mistari minne lililobandikwa mlangoni, na Hamira akaambiwa aripoti saa kumi na mbili asubuhi.

Basi mtu wa miaka hamsini na minane akaanza kujifunza kulala usiku. Saa nne alipanda kitandani kama alivyoagizwa. Saa sita macho yake yalikuwa makavu kama karatasi. Saa tisa alikuwa jikoni anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Dada yangu aliniambia kwamba wiki tatu zilipita mume wake hajapata hata lepe la usingizi kabla ya alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya kuamka.

Kazini alianza kusinzia. Mara ya kwanza msimamizi alimkuta ameegemea magunia ya unga, mdomo wazi. Mara ya pili alimkuta amesimama wima, kidole juu ya kitufe, amelala. Kwa kila mara alipewa barua. Barua ya tatu ndiyo ya kufukuzwa, na Hamira alikuwa amebakiza miezi kumi na minne tu apate kiinua mgongo chake. Akifukuzwa kabla ya hapo anaondoka na aproni tu.

"Hamira, angalia usije ukamwaga unga," wenzake walimtania, na yeye akacheka nao. Jioni alikuja kwangu hacheki.

"Shemeji," akasema, "nisindikize duka la dawa. Peke yangu naona haya."

"Haya ya nini? Unakwenda kununua dawa, huendi kuiba."

"Mtu mzima kwenda kuomba usingizi, shemeji. Usingizi ni kitu cha kuomba?"

Nikavaa viatu.

Zamani mtaani kwetu kulikuwa na duka moja la dawa, la mzee tuliyemwita Mizani kwa sababu ya mizani yake ya shaba iliyokaa juu ya kaunta. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa na droo ndogo ndogo za mbao. Ukimwomba kitu alikuuliza maswali mpaka ukasirike, na mara nyingi jibu lake lilikuwa moja: "Sikuuzii." Mfanyabiashara gani leo anamwambia mteja sikuuzii? Pale palipokuwa kaunta yake sasa wanauza vifuniko vya simu.

Duka tuliloingia sisi lina milango ya kioo inayojifungua yenyewe. Mna rafu nzima iliyoandikwa USINGIZI kwa herufi kubwa, kati ya rafu ya sabuni na ya nepi. Binti mmoja mwenye koti jeupe akaja akitabasamu.

"Karibuni wazee wangu. Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa," Hamira akajibu upesi. "Usingizi tu umenikimbia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Pole sana, baba. Tuna vidonge vya kumeza, tuna vya kutafuna kama peremende, tuna majani ya chai. Unapenda ladha gani?"

"Binti," nikamwambia, "usingizi nao una ladha?"

"Ipo ya stroberi, mzee."

Hamira akanivuta mkono. "Shemeji, nyamaza. Mwenzio natafuta kulala, wewe unatafuta ugomvi."

Binti wa watu hakuwa mbaya. Alikuwa na upole na meno mazuri. Lakini hakuuliza mwezi wa tatu kulitokea nini. Hakuuliza anafanya kazi gani, ana umri gani, wala kama ana kidonge cha shinikizo la damu anachomeza kila asubuhi. Alichukua kiboksi cha buluu akasema hiki ndicho watu wengi wanachukua, kimoja kabla ya kulala, kisha akageukia mteja mwingine. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane. Niliisoma tukiwa njiani.

"Hapa wanasema usiendeshe gari wala mitambo."

"Mitambo ni ya mainjinia," Hamira akasema. "Mimi nabonyeza vitufe."

Usiku ule alilala kwa muda wa saa nne. Dada yangu alinipigia simu asubuhi kwa furaha kana kwamba mtoto amefaulu mtihani. Usiku wa pili alilala tatu. Wiki ilipokwisha kidonge kimoja kilikuwa hakifanyi kitu, akawa anameza viwili. Mdomo ulimkauka hata akawa anatembea na chupa ya maji. Binti yake anayeishi mbali, aliposikia, alimtumia majani ya chai kwenye boksi lenye picha ya mwezi uliofumba macho. Hamira alipopata mafua alinunua dawa ya maji ya kunywa usiku, akaona inamlegeza vizuri, na mafua yalipopona hakuiacha. Vyote hivi vilipangwa juu ya friji, na dada yangu akavipangusa vumbi kila siku kama vyombo vya wageni.

Kisha siku moja ya mapumziko tulipita nje ya soko, tukamkuta bwana mmoja mwenye kipaza sauti na meza ya makopo.

"Usingizi! Usingizi wa asili! Hii inalaza hata mlinzi wa benki!"

"Walinzi wanalala bila dawa, kaka," Hamira akamwambia, na watu wakacheka. Hata yule bwana alicheka, na kwa kucheka akampata.

"Mzee, macho yako yananiambia kila kitu. Chukua kopo moja. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto, basi."

"Ndani mna nini?" nikauliza.

"Majani saba."

"Yapi?"

"Wewe mzee ni mpelelezi? Nikikutajia, kesho na wewe utaweka meza hapa."

Hamira alifungua kopo, akachukua unga ule kati ya vidole vitatu, akausugua, akaunusa. Nilimwona akifanya hivyo nikajua amekwisha. Mwokaji wa kale hapimi kwa kijiko. Chumvi, sukari, hamira, vyote hupita kati ya vidole vyake, naye hutazama hali ya hewa, akagusa donge, akaongeza au akaacha. Ndiyo kazi iliyomlisha. Donge likichelewa kuumuka siku ya baridi, halitupwi, huongezewa kidogo na kusubiriwa. Mikono yake haikujua namna nyingine ya kushika kitu cha unga unga, na kijiko cha yule bwana hakikuwahi kutoka kabatini.

Mimi ndiye niliyesema twende kwa Mzee Mizani. Kumbe bado yu hai. Anaishi na mkwe wake, mke wa mwanawe, katika chumba cha nyuma chenye kitanda na redio. Macho yake yamefifia. Anasoma kwa lenzi kubwa aliyoifunga kamba shingoni. Hamira alimwaga mfuko mzima juu ya kitanda: boksi la buluu, chupa ya mafua, majani yenye mwezi, kopo la yule wa sokoni, na kidonge chake cha shinikizo la damu. Mzee alivichukua kimoja kimoja, akavisogeza karibu na pua.

"Hili la buluu na hii chupa," akasema baada ya muda mrefu, "ndani ni kitu kile kile. Dawa ya mzio, ya kupiga chafya. Kulevya ni tabia yake ya pembeni, wao wameigeuza kuwa biashara. Unakunywa vyote viwili?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwa hiyo unakunywa mara mbili bila kujua. Unakojoa vizuri?"

Hamira akanitazama. "Nasimama mpaka miguu inachoka."

"Ni dawa hizi hizi. Na kusahausahau?"

"Juzi niliweka funguo kwenye sukari."

"Ni hizi hizi. Umri wetu hautaki dawa hizi. Haya majani yenye mwezi hayatakuua, kunywa ukipenda, ni chai. Hili kopo sijui. Asiyeandika kilichomo ndani simwamini, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu ndiyo kabisa." Akaweka lenzi chini. "Sasa niambie. Ulikuwa unalala saa ngapi, kabla?"

Hamira akamweleza. Saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, miaka thelathini na minne. Mzee Mizani akatikisa kichwa polepole.

"Mwanangu, wewe huumwi. Mwili wako una saa yake, na hakuna aliyeuambia kwamba saa imebadilishwa. Acha hivi vya dukani. Amka wakati ule ule kila siku, hata siku ya mapumziko. Ukiamka tu toka nje ukapigwe na mwanga. Mchana usilale hata dakika. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa sita mchana. Na nenda hospitali wakupime, usinisikilize mimi kipofu peke yangu. Utageuka."

"Kwa muda gani?"

"Mwezi. Labda miwili. Na wiki za mwanzo utakuwa mbaya zaidi. Waambie kazini wakuweke mbali na moto kwa muda huo."

Hamira akacheka kicheko kifupi. "Nikiwaambia nina usingizi, wataniandikia barua kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Basi usiwe na haraka," mzee akasema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayejua ameomba kisichokuwepo.

Siwezi kusema Hamira hakujaribu. Alivitia vyote kwenye mfuko wa plastiki, akampa dada yangu avifiche. Hospitali walimpa tarehe ya wiki tano mbele. Kila alfajiri alisimama uani uso ukiangalia linakotokea jua, kama mtu anayengoja barua. Mchana alikaa kwenye kiti kigumu kisicho na mgongo. Siku ya nne alikuwa kama mlevi. Siku ya sita alimgombeza dada yangu kwa sababu ya kifuniko cha sufuria, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika ndoa yao. Kazini mama mmoja anayefungasha mikate, ambaye wamefanya kazi pamoja tangu ujana, alikuwa akimgusa begani kila akipita, ili asisinzie. Usiku wa tisa alilala saa tatu mfululizo bila kitu chochote. Alinijia asubuhi kabla ya kwenda kazini, akasimama mlangoni.

"Shemeji. Saa tatu. Bure!"

Sikuwahi kumwona mtu akitamba kwa kitu kidogo namna ile.

Siku ya pili yake msimamizi aliwakusanya wafanyakazi akawaambia Alhamisi wenye mali wanakuja na wageni kutazama kiwanda. Kila mtu awe safi, kila mtu awe macho. Alipotamka neno la mwisho alimtazama Hamira, na wengine nao wakamtazama.

Mambo yanayofuata alinisimulia mwenyewe. Jumatano usiku alipanda kitandani saa tatu, akawaza: nikikesha leo, kesho nimekwisha. Saa nne alimwomba dada yangu ule mfuko. Dada alikataa. Akamwomba tena, kwa sauti ya chini, akimwita mama watoto, akamwambia ni usiku huu mmoja tu. Dada yangu akautoa chini ya nguo za mtoto wao wa mwisho, nguo alizozihifadhi miaka ishirini. Mpaka leo anasema mikono yake ndiyo iliyoutoa.

Alianza na unga wa kopo, vidole vitatu kwenye maji ya uvuguvugu. Akasubiri saa nzima, kama anavyolisubiri donge. Usingizi haukuja. Akaongeza vidole vitatu. Saa sita akameza vidonge viwili vya buluu. Akasubiri. Saa nane akanywa vifuniko viwili vya dawa ya mafua, na kidonge kingine juu yake. Hakuwa mjinga, wala hakuwa amesahau maneno ya Mzee Mizani. Aliogopa, na mtu akiogopa mikono yake hurudi kwenye kazi inayoijua. Saa tisa na nusu dawa zote zilimpanda kwa pamoja. Saa kumi na moja dada yangu alimwamsha kwa maji ya uso. Alimwona anavyoyumba, akamwambia asiende. Akamjibu kwamba leo ndiyo siku ya kwenda.

Yaliyotokea kazini sikuyapata kwake, kwa sababu yeye hayakumbuki. Nimeyapata kwa yule mama mfungashaji.

Kazi yake asubuhi ile ilikuwa chumba cha kuumulia. Ni chumba chenye joto na mvuke, mlango wake una kioo, na donge hukaa humo ndani ya bati zake za kuokea mpaka lipande kimo cha kuingia tanurini. Mashine hupiga kengele wakati ukifika, lakini lazima mtu afungue, atoe trei, azisukume. Hamira aliingiza trei arobaini, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo. Macho yalikuwa wazi. Mikono ilikuwa nyuma, kama mwokaji anavyosimama. Kengele ikalia. Hakujongea. Ikalia tena. Mama mfungashaji akaacha mashine yake akamkimbilia.

"Mzee Hamira! Mzee! Toa trei!"

"Bado," akasema kwa utulivu. "Bado kidogo."

"Bado nini? Zinamwagika!"

"Bado kidogo."

Nyuma ya kioo donge lilikuwa limepanda kupita midomo ya bati, likashuka pembeni kwa ndimi ndefu, trei kwa trei, kisha likachoka na kubonyea katikati. Mwanafunzi wa wiki mbili hafanyi kosa hilo. Mama alipomsukuma kando na kufungua mlango, harufu ya uchachu ilijaa ukumbi mzima, na ndipo wageni walipokuwa wanaingia na kofia zao za karatasi. Mmoja wao, kijana, alipiga picha kwa simu. Sijui aliipeleka wapi.

Msimamizi hakupiga kelele. Alimwuliza tu, "Mzee, unaumwa?" Kama Hamira angesema ndiyo, labda wangempeleka hospitali, labda mambo yangekuwa mengine. Mama mfungashaji anasema alimkonyeza aseme ndiyo. Lakini alikuwa bado anatazama mle chumbani, na ukungu kichwani ulikuwa umeanza kumtoka kidogo, kiasi cha kuona alichokifanya.

"Siumwi," akasema. "Nimeharibu."

Barua ya tatu aliipata kabla ya saa nne. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, aproni ingali mwilini.

Nilifika saa sita mchana, baada ya dada yangu kunipigia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, kanga ameikunja mapajani.

"Polepole, kaka," akaninong'oneza. "Amelala."

Nilichungulia. Mapazia yalikuwa wazi, jua limempiga kifuani, na nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani. Alikuwa amelala chali, na alikuwa anakoroma. Nilimwuliza dada kama ni zile dawa bado. Alisema huenda. Lakini kesho yake dawa zilikwisha kutoka mwilini, naye alilala tena kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, na kesho kutwa yake vile vile. Hakuna aliyekuwa na sababu tena ya kumwamsha.

Siku ya nne nilikaa nao mpaka giza likaingia. Tulikula. Hakuzungumza sana, ila alinitania kwamba nakula kama aliyefukuzwa ni mimi. Ilipokaribia saa tatu alinyanyuka, akaoga, akachana nywele, akavaa shati lake la kazi lililopigwa pasi na viatu vyake vyenye unga kwenye mishono. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini.

Dada yangu akamgeukia. "Unakwenda wapi, baba watoto?"

"Siendi popote," akasema. "Nimeamka tu."